Ukumbusho wa Lubumbashi Ukutani Brussels

Mji wa Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, umejengwa juu ya mteremko. Upande wa juu kuna jumba la mfalme, bustani yake na ofisi za serikali. Upande wa chini kuna uwanja wa soko la kale, vichochoro na maduka. Katikati ya mteremko huo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya reli, pana jumba la sanaa liitwalo BOZAR, kazi ya msanifu majengo Victor Horta, lililofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Alitazamaye kwa nje hudhani ni jengo la kadiri tu, kwa maana sehemu yake kubwa imezama kilimani. Horta alikatazwa kulipandisha juu, lisije likakinga mandhari ya mji kwa wale walio upande wa jumba la mfalme.

Katika jumba hilo, tangu Oktoba 2016 hadi Januari 2017, zilitundikwa picha za wachoraji wa Kongo. Zilikuwa zimetoka katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya mji, ambalo lilifungwa mwaka 2013 kwa ajili ya matengenezo na halikufunguliwa tena mpaka Desemba 2018. Maonyesho yenyewe yalitayarishwa na watu wawili: Bambi Ceuppens, mtaalamu wa jumba hilo la Tervuren, na Sammy Baloji, msanii wa kupiga picha aliyezaliwa Lubumbashi. Miongoni mwa wachoraji walioonyeshwa alikuwamo Tshibumba Kanda-Matulu, naye ndiye mwenye haki ya kusimamiwa mbele kwa muda mrefu kuliko wengine.

Picha yake ijulikanayo zaidi ni ile iliyobeba jina la Kifaransa lenye maana ya Koloni la Ubelgiji. Aliichora mara nyingi, na wachoraji wenzake wa Lubumbashi waliichora pia, kila mmoja kwa mkono wake. Ni ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya mlingoti. Mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, na mtu amesimama juu yake akiinua kiboko. Wafungwa wengine, waliovaa nguo za mistari, wanaendelea na kazi. Katika nakala nyingine wamo wanawake waliosimama kando na vyakula walivyowaletea waume zao, wasijue kama watapokelewa au watafukuzwa. Mzungu yupo, lakini hafanyi neno. Amesimama pembeni akitazama, pengine anavuta kiko chake.

Anayepiga ni Mwafrika. Amevaa sare na tarabushi nyekundu.

Mtu yeyote aliyepata kuvaa sare hawezi kuipita picha hiyo upesi. Mchoraji hakumfanya askari huyo kuwa shetani. Hakumkunjia uso wala hakumtoa meno. Uso wake ni uso kama wa yule aliyelala chini, na lau angevua tarabushi na kuvaa nguo za mistari, hapana ambaye angewatofautisha. Hapo ndipo ilipo nguvu ya picha. Wapo wasemao kwamba Tshibumba alizifananisha nyuso zote kwa kuwa hakujua kuzitofautisha, na huenda kuna ukweli katika maneno yao, kwani mikono na miguu ya watu wake nayo humshinda mara kwa mara. Hata hivyo katika picha hii upungufu wa mkono umesema jambo ambalo mchoraji hodari zaidi angeweza kulikosa.

Juu ya picha ameandika miaka: 1885 hadi 1959. Vitabu vya shule husema vingine. Husema kwamba mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, peke yake, ikaitwa Dola Huru. Kwamba iligeuka kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908. Na kwamba uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Tshibumba hakuona sababu ya kugawanya. Kwa aliyelala chini ya kiboko, mabadiliko ya mwaka 1908 hayakuwa mabadiliko ya kiboko.

Mchoraji huyu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao wakati huo uliitwa Elisabethville, na ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Ni mji wa shaba. Tanuri la kuyeyushia lilianza kazi mwaka 1911, na bomba lake refu la moshi, pamoja na mlima mweusi wa takataka za madini ulioko kando yake, ndiyo alama ya mji hata leo. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kuchimba na kuyeyusha: kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Lugha waliyokutana nayo kazini na mitaani ikawa Kiswahili, si Kiswahili cha Unguja wala cha Mombasa, bali Kiswahili cha huko chenye ladha yake, ambacho humwita mtu muntu na Ulaya huiita Bulaya. Katika mitaa ya Kenya, Katuba, Ruashi na Kamalondo watoto walizaliwa wakikuta ndiyo lugha ya nyumbani. Tshibumba alikuwa mmoja wao.

Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alifanya kama walivyofanya wenziwe: alichukua kitambaa cha mfuko wa unga, akakifua, akakiwamba juu ya fremu ya miti, akakipaka rangi ya chini, kisha akachora. Picha ikikauka ilichukuliwa mitaani na kutembezwa nyumba hadi nyumba. Wanunuzi hawakuwa matajiri. Walikuwa makarani, waalimu, wafanyakazi wa migodi na wa reli, watu wenye mshahara wa mwezi na nyumba yenye sebule. Picha ilitundikwa sebuleni, juu ya viti, pale ambapo mgeni akiketi lazima aione.

Picha za namna hiyo, watu wa Lubumbashi waliziita ukumbusho. Neno hilo lilikuwa na kazi maalumu. Ukumbusho haukuwa pambo la kupendeza macho tu, ingawa rangi zilipendwa na mwenye nyumba alijivunia. Ulikuwa kitu cha kuanzishia mazungumzo. Mgeni aliuliza, mwenyeji akajibu. Mtoto alinyoosha kidole, na babu au shangazi akaeleza yeye alikuwa wapi siku ile na nani hakurudi. Wenyewe walizipanga picha kwa nyakati: vitu vya kwetu ya zamani, yaani maisha ya mababu kijijini, vitu vya zamani, yaani ukoloni, na vitu vya sasa, maisha ya mjini.

Kati ya hizo, iliyouzwa sana ni picha ya mamba muntu, mwanamke wa majini ambaye nusu yake ya chini ni ya samaki au nyoka. Watu wa pwani wangemwita nguva, lakini huyu wa Lubumbashi ana masharti yake. Humtajirisha mwanamume, kisha humdai: siri, uaminifu, na mwishowe hata roho ya mtu wa nyumbani. Kwa nini mfanyakazi wa mshahara amtundike sebuleni mwake, mbele ya mkewe na watoto? Pengine kwa sababu katika mji ule utajiri ulionekana kila siku ukipita kwa treni, na hakuna aliyeweza kueleza kwa akili ya kawaida unamfikiaje mtu mmoja na kumwacha jirani yake.

Nyingine iliitwa Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya. Ni hofu ya zama za wakoloni: watu waliovizia usiku, wakamkamata mpita njia, naye asionekane tena. Wazee wa Tanzania na Kenya hawahitaji kufafanuliwa. Kwao simba huyo aliitwa mumiani. Wala si ajabu kwamba hofu ile ile ilienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa, kila mahali ikiwa na jina lake.

Wachoraji wengi wa Lubumbashi wangetosheka na mamba muntu, maana alilipa. Tshibumba naye alimchora, kwa kuwa alikuwa na familia ya kulisha. Lakini yeye alijihesabu kuwa mwanahistoria. Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika mlangoni kwa Johannes Fabian, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Katika mazungumzo yao lilizaliwa wazo kubwa: angechora historia yote ya nchi, tangu mababu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alichora picha zaidi ya 100. Kila alipoleta fungu la picha aliketi, akazieleza moja moja kwa Kiswahili, na maneno yake yakanaswa katika kanda. Mwaka 1996 Fabian alizitoa picha hizo na maelezo yake katika kitabu, nazo picha zenyewe zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Amsterdam, nchini Uholanzi.

Katika historia hiyo msomaji wa Afrika Mashariki atakutana na watu awajuao. Yumo Msiri, mtawala wa Bunkeya, ambaye asili yake ilikuwa Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, na ambaye ukoo wake ulifika Katanga kwa biashara ya shaba. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Leopold. Mwaka 1891 msafara wa kumshurutisha ulitoka pwani ya Bagamoyo ukiongozwa na Kapteni Stairs, ukiwa na wapagazi na askari walioandikwa Unguja na pwani. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri alipigwa risasi na Kapteni Bodson, na Bodson naye akauawa na watu wa Msiri. Watu wa pwani waliobeba bunduki siku ile hawakupata mchoraji wa kwao wa kuwakumbuka.

Yumo pia askari wa mwaka 1941. Vita vikuu vya pili vilikuwa vikiendelea, shaba ya Katanga ilitakiwa sana, bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki nyuma. Mwezi Desemba wafanyakazi wa kampuni ya madini, Union Minière, waligoma. Walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alikuwa miongoni mwao. Askari wa jeshi la koloni, Force Publique, waliamriwa wapige risasi, nao wakapiga. Makumi ya watu walikufa, Mpoyi akiwa mmojawapo. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alilichora tukio hilo kama alivyolisikia kwa wazee, katika mji ambamo watoto wa waliopigwa na watoto wa waliopiga walikuwa wakiishi mtaa mmoja na kushangilia mpira pamoja.

Juu ya watu wote amemweka Patrice Lumumba. Amemchora akihutubia siku ya uhuru, akiwa amekamatwa, akipelekwa Katanga. Lumumba aliuawa karibu na Lubumbashi usiku wa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Katika picha ya kifo hicho Tshibumba amesimamisha misalaba mitatu kwa mbali, na damu itokayo ubavuni mwa Lumumba inatiririka ardhini ikiandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Kwa mwenye macho ya chuo cha sanaa jambo hilo ni zito mno, kama kumweleza mtu kitu ambacho amekwisha kukiona. Lakini Tshibumba hakumchorea huyo. Alichora kitu cha kusomwa kwa sauti nyumbani, na ndiyo sababu maneno yamejaa katika picha zake: majina, tarehe, vibao vya majengo, wakati mwingine kwa Kifaransa chenye makosa ya tahajia. Rangi zake ni chache na hazikuchanganywa sana. Mbingu ni buluu moja, udongo ni mwekundu mmoja, nyumba zimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama ramani. Anayetafuta mwanga na kivuli atarudi mikono mitupu.

Miaka ile ile, Edward Saidi Tingatinga alikuwa akichora Dar es Salaam kwenye vipande vya mbao, naye bila chuo. Alianza karibu mwaka 1968, na mwaka 1972 akafa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Wawili hao hawafanani sana. Tingatinga alichora wanyama na ndege, wanunuzi wake wengi wakiwa wageni kutoka nje, na wanafunzi wake wakaifanya kazi yake kuwa biashara ya vizazi. Tshibumba alichora matukio, akawauzia majirani. Shaba ilipoanguka bei katikati ya miaka ya 1970, mishahara ya majirani hao ilikonda, na sebule hazikununua tena ukumbusho. Tangu mwaka 1981 hivi habari zake zilikatika. Fabian aliporudi Lubumbashi baadaye hakumpata, na wengi wanaamini kwamba alikufa.

Kwa hiyo picha zilizotundikwa Brussels zilikuwa zimepungukiwa na kitu, wala si kosa la walioziandaa. Waliwaelewa wachoraji, na waliziweka picha pamoja na vitu na nyaraka za zama zake ili mtazamaji apate pa kushika. Lakini jumba la sanaa lina adabu yake. Watu hupita polepole, mikono nyuma, wakinong'ona; msimamizi yuko kwenye kiti mlangoni. Hakuna shangazi wa kusema, huyo mwenye bakuli la chakula ni kama mama yako alivyokuwa akifanya. Ubora unaotafutwa humo ni wa kitu cha pekee, kisicho na mfano wake, hali Tshibumba aliichora picha moja mara nyingi bila kuona haya, kama seremala atengenezavyo kiti cha pili kwa mteja wa pili. Kila mwenye nyumba alihitaji chake.

Sauti ya mchoraji, hata hivyo, haikupotea. Maelezo aliyoyatoa kwa Fabian yalinakiliwa neno kwa neno, na wasomaji wa Ulaya na Marekani huyapata kwa tafsiri tu. Msemaji wa Kiswahili akiyapata katika lugha yake ya asili atajikwaa hapa na pale, kwa kuwa matamshi na maneno ya Lubumbashi yana njia yao, lakini baada ya kurasa chache atamsikia mtu akizungumza naye.

Atokaye BOZAR na kupanda mteremko hulipita jumba la mfalme, na nyuma yake hufika katika uwanja mdogo wenye magari mengi. Akiendelea dakika chache atafika kwenye lango la Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, wenye vinyozi, maduka ya vitenge na magenge yauzayo mihogo na samaki wakavu. Hapo, tarehe 30 Juni 2018, eneo dogo la wazi lilipewa jina la Patrice Lumumba. Miaka minne baadaye, Juni 2022, serikali ya Ubelgiji iliwarudishia watoto wa Lumumba jino lake moja, kwa kuwa mwili wake uliharibiwa na hakuna kingine kilichobaki. Jino hilo lilitiwa katika jeneza, likasafirishwa Kongo na kuzungushwa nchini, na Shilatembo, mahali alipouawa, likafikishwa pia.

Ule uwanja mdogo wa nyuma ya jumba la mfalme una sanamu. Ni Leopold wa Pili, amepanda farasi, ndevu ndefu, amenyooka. Iliwekwa hapo mwaka 1926, na mwaka 2020 waandamanaji waliimwagia rangi nyekundu. Chini yake palitiwa kibao chenye maelezo mafupi: kwamba shaba na bati za sanamu hiyo zilitoka Kongo ya Kibelgiji, nazo zilitolewa na Union Minière ya Katanga, bila malipo.